Mahali kwanza, jina baadaye: kutafuta ukoo katika magazeti na nyaraka za Uganda

Anayeanza kazi hii huingia maktaba, huomba magazeti ya miaka ya sitini, kisha hukaa kutafuta jina la babu yake. Saa tatu baadaye vumbi limemjaa puani na daftari lake liko tupu. Kosa si uvivu. Ameazima njia ya nchi ambako jina moja hushuka kutoka kwa baba hadi kwa mwana vizazi kumi. Kwetu Uganda baba anaweza kuwa Okello, mwanawe Ojok, binti yake Apio, na wote ni nyumba moja. Mganda, yaani mtu wa Buganda, hupewa jina kutoka akiba ya majina ya ukoo wake, kwa hiyo majina ya ndugu wa tumbo moja huenda yasifanane hata herufi. Mnubi wa Bombo (Wanubi ni wazao wa askari waliotoka Sudan) au Mwislamu wa Jinja huandika jina lake na la baba yake, basi jina la pili hubadilika kila kizazi.

Kwa hiyo usianze na jina. Anza na mahali: kijiji, muluka, gombolola na saza (ngazi za utawala, kutoka ndogo hadi kubwa), kama vilivyoitwa wakati huo. Ukijua mahali na mwaka utajua nani alikuwa na sababu ya kumwandika mtu wako: padre, chifu wa kodi, karani wa ardhi, au mhariri wa gazeti la dini yake. Jina utalithibitisha ukishafika kwenye ukurasa.

Mipaka nayo imehama. Kisumu na Naivasha zilikuwa chini ya Uganda hadi 1902, kwa hiyo karatasi ya mapema ya mtu wa huko huenda ilipita Entebbe, makao ya serikali ya kikoloni. Sehemu kubwa ya West Nile ilikuwa ndani ya eneo la Lado, lililotawaliwa na Mfalme Leopold wa Ubelgiji, ikaingia Sudan 1910, na ikaletwa Uganda 1914. Ukitafuta mzee wa Arua katika faili za Uganda za 1908, hutampata hata ukeshe. Buyaga na Bugangaizi zilikuwa masaza ya Buganda hadi kura ya maoni ya Novemba 1964 ilipozirudisha Bunyoro, ndiyo maana karatasi za familia moja ya huko zimegawanyika kati ya Mengo, makao ya Buganda, na Hoima, makao ya Bunyoro. Kabla ya kutoka nyumbani, andika juu ya ukurasa wa kwanza wa daftari: kijiji hiki mwaka huu kilikuwa chini ya nani?

Karatasi za kwanza ziko chini ya kitanda, ndani ya sanduku la bati. Mwombe mwenye nyumba alifungue mwenyewe, usilipekue. Tafuta tiketi za kodi, maana wazee wengi walizitunza kwa kuogopa kukamatwa, na kodi ya watu wazima iliendelea hadi iliposimamishwa 2005. Tiketi moja inakupa jina kama karani alivyolisikia, mwaka, na gombolola. Ukipata kumi za miaka tofauti unaweza kumfuata mtu akihama kutoka shamba la baba hadi mjini. Tafuta pia kadi ya ubatizo yenye namba, cheti cha ndoa, ripoti za shule, na cheti cha kuachishwa jeshi. Picha zigeuze: mgongoni huwa na muhuri wa studio na mji, pengine na tarehe kwa kalamu ya risasi.

Unapozungumza na wazee, usiulize "ulizaliwa mwaka gani?" Utapewa mwaka ulioandikwa kwenye kitambulisho, na huo mara nyingi ulikisiwa ili mtoto aingie shule. Uliza alikuwa na ukubwa gani nzige walipokuja 1931, kama alikuwa ameanza shule vita vilipokwisha 1945, alikuwa darasa la ngapi Kabaka (mfalme wa Buganda) Muteesa II alipopelekwa Uingereza Novemba 1953, alikuwa na watoto wangapi siku ya uhuru. Majibu matatu ya namna hiyo yakipatana, una mwaka wa kuaminika, ukikosea ni kwa mwaka mmoja au miwili. Mzee wa Kiislamu akihesabu umri kwa miaka ya Hijria, kumbuka mwaka huo una siku 354 au 355: miaka yake 60 ni kama 58 ya kalenda ya kawaida.

Majina yenyewe ni ushahidi, ukiyasoma. Kizza kwa Waganda, Okello au Akello kwa Waacholi na Walango, ni mtoto aliyefuata mapacha. Ukimkuta Kizza kwenye daftari na hakuna mapacha mbele yake, usiandike kwamba ni mtoto wa kwanza. Kuna Wasswa na Kato, au Babirye na Nakato, walioachwa nje, labda walikufa wachanga. Nalongo ni mama wa mapacha. Hilo ni jina la heshima alilolipata ukubwani, na huenda likafunika kabisa jina alilobatizwa nalo.

Sasa daftari za makanisa, ambazo kwa familia nyingi ndizo zilizoanza kuandika watu mapema kuliko mtu mwingine yeyote. Wamisionari wa CMS, ambao ni Waanglikana, walifika Buganda 1877; wa Kikatoliki ni White Fathers 1879 na Mill Hill 1895. Daftari la ubatizo la Kikatoliki kwa kawaida lina namba ya mstari, tarehe ya ubatizo, jina la Kikristo, jina la kienyeji, baba, mama, msimamizi, na aliyebatiza. Yale ya zamani yameandikwa kwa Kilatini, lakini maneno ni machache na yanajirudia. *Filius* ni mwana, *filia* binti, *natus* amezaliwa, *circa* takriban, *patrinus* msimamizi wa kiume, *obiit* amefariki. *In articulo mortis* ni ubatizo wa mtu aliyekuwa kufani, na usidhani lazima alikufa. Wengine walipona, ukawakuta tena kwenye ndoa miaka ishirini baadaye.

Wengi hunakili mstari wakaacha pambizo, na pambizo ndiyo yenye utamu. Sheria ya Kanisa Katoliki inataka kipaimara na ndoa ziandikwe kando ya ubatizo wa mhusika, hata kama alifunga ndoa parokia nyingine. Kwa hiyo kando ya mtoto aliyebatizwa 1921 unaweza kukuta, kwa wino wa rangi nyingine, kwamba alifunga ndoa 1943 na wapi. Mstari huo mdogo unakuhamisha kutoka Buddu, saza la upande wa Masaka, hadi Kampala bila kubahatisha. Piga picha ya ukurasa mzima hadi ukingoni.

Ukifika parokia ukaambiwa "jina hilo hatuna", uliza parokia ilianzishwa mwaka gani na ilikatwa kutoka parokia ipi. Parokia iliyofunguliwa 1935 haina ubatizo wa 1928. Ule uko parokia mama, pengine kilomita arobaini kutoka hapo. Nenda siku ya kazi na usiende Jumapili. Uwe na barua ya mwenyekiti wa LC1 (baraza la kijiji) au ya kigango chako, na ujue miaka unayotaka isizidi mitano. Katekista akisikia "nataka kuona madaftari yote" atakuambia padre amesafiri, na mimi simlaumu.

Jina la ubatizo pia hukuonyesha mlango wa kugonga. Wakatoliki walisema Yozefu, Waprotestanti Yusufu. Mashahidi wa dini wawili waliouawa 1885 wanaonyesha hilo: Yozefu Mukasa Balikuddembe alikuwa Mkatoliki, Yusufu Lugalama alikuwa Mwanglikana. Ila Yusufu ni jina la Waislamu pia, kwa hiyo mtazame na baba yake kabla ya kuamua.

Kwa Waislamu hakuna daftari la ubatizo, na hapo ndipo wengi wetu tunaozungumza Kiswahili tunakwama. Sheria ya ndoa na talaka za Waislamu ipo tangu 1906 na inataka ndoa ziandikishwe, lakini nyingi zilibaki kwa sheikh aliyefungisha. Uliza nani alikuwa imamu wa msikiti ule mwaka ule, kisha utafute watoto wake: daftari la nikahi mara nyingi liko nyumbani kwao.

Familia za wanajeshi zina njia ya ziada. Uganda Rifles iliundwa 1895, ikaingizwa katika King's African Rifles 1902, na Bombo ikawa makao ya kikosi cha nne. Kwenye karatasi za zamani Wanubi waliandikwa "Sudanese", kwa hiyo usimtupe mtu kwa sababu safu ya kabila haisemi Nubi. Namba ya jeshi ndiyo kila kitu. Karani anaweza kuandika Farajalla kwa namna tano, lakini namba haibadiliki. Aliyekufa vitani mtafute katika orodha ya Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola, ambayo iko wazi mtandaoni. Wapagazi wa vita vya kwanza ni habari nyingine: wengi wao walizikwa bila jina kuandikwa popote.

Upande wa magazeti, chagua gazeti kwa dini na lugha ya mtu wako kabla ya kuchagua mwaka. *Ebifa mu Buganda* la 1907 lilikuwa la CMS, *Munno* la 1911 la White Fathers. Mkatoliki wa Masaka humtafuti kwenye *Ebifa*. *Matalisi* na *Gambuze* ya miaka ya ishirini yaliwabeba wenye hoja na malalamiko, kwa hiyo humo utakuta barua za wasomaji zenye majina ya vijiji na machifu. Kwa Kiingereza lilikuwapo *Uganda Herald* tangu 1912, kisha *Uganda Argus* kuanzia 1955. *Argus* likawa *Voice of Uganda* wakati wa Amin, likafuatwa na *Uganda Times* baada ya 1979, halafu *New Vision* 1986. Kwenye katalogi kila jina lina kadi yake, na anayeomba *Argus* ya 1975 ataambiwa haipo. *Bukedde* lilianza 1994, na kwa matangazo ya misiba ya Buganda ya siku za karibuni halina mpinzani. Watu wa Teso watazame *Etop*, wa magharibi *Orumuri*, wa kaskazini *Rupiny*.

Magazeti haya ya zamani hayana faharasa ya majina. Fanya hesabu kabla ya kuketi. Gazeti la kila siku lisilotoka Jumapili lina matoleo kama 312 kwa mwaka. Ukitumia dakika tatu kwa kila toleo, ukitazama kurasa za matangazo tu, ni zaidi ya saa 15, yaani siku tatu nzima za maktaba. Ukiwa na tarehe ya kifo na ukafungua wiki tatu tu, ni matoleo 18, chini ya saa moja. Ndiyo sababu tulianza na sanduku na wazee.

Tangazo la kifo hutoka ndani ya siku chache, la shukrani kwa waliofariji wiki kadhaa baadaye. La kumbukumbu hutoka tarehe ile ile mwaka wa kwanza, wa tano, wa kumi. Hilo la kumbukumbu ndilo ninalolipenda kuliko yote. Ukijua mtu alifariki tarehe 12 Mei, fungua tarehe 9 hadi 15 Mei ya kila mwaka kwa miaka kumi, nawe umepita kama matoleo sitini tu. Na hapo familia hutaja watoto wote, wakwe, na mahali kila mmoja alipo, jambo ambalo tangazo la haraka la msiba halina nafasi nalo.

Tangazo la Kiluganda lisome neno kwa neno. *Omugenzi* ni marehemu, *omuziro* ni mwiko wa ukoo, *omusika* ni mrithi, na *okwabya olumbe* ni shughuli ya kumaliza msiba ambapo mrithi huvikwa, pengine miezi au miaka baada ya mazishi. Tahadhari kubwa iko kwenye mrithi. Akishavikwa, huchukua nafasi ya marehemu katika ukoo: watoto wa marehemu humwita baba, wajukuu humwita jjajja (babu au bibi), hata kama ana miaka ishirini. Mzee akikuambia "jjajja wetu alifariki 1978", huenda anasema mrithi wa jjajja. Ukiandika bila kuuliza, kizazi kimoja kinaingia mara mbili kwenye mti wako, au watu wawili wanakuwa mmoja. Uliza daima: huyu ni mwenyewe au ni musika?

Siku za wiki zina mtego uliotegwa kwa ajili yetu Waswahili. Bbalaza ni Jumatatu, na neno lenyewe limetoka kwenye baraza letu. Lakini Lwakusatu, "siku ya tatu", si Jumatatu. Ni Jumatano. Lwakubiri ni Jumanne. Msomaji wa Kiswahili akiona *satu* mkono wake huandika Jumatatu wenyewe, na mazishi yanasogea siku mbili nyuma. Miezi pia huandikwa kwa majina ya Kiluganda: Gatonnya ni Januari, Muzigo ni Mei, Museenene ni Novemba, mwezi wa senene, panzi wanaoliwa. Na gazeti likisema "jana", hesabu kutoka tarehe iliyo juu ya ukurasa huku ukikumbuka habari ya mashambani ilichukua siku kadhaa kufika mjini, kwa hiyo "jana" ni ya mwandishi aliyekuwa kijijini.

Tahajia nayo: andika orodha ya namna zote kabla ya kuanza. Kyaggwe iliandikwa Chagwe, kwa hiyo jina linaloanza na Ky huenda limepangwa chini ya C. Ssemakula ni Semakula, Kaggwa ni Kagwa. Kiluganda hutumia r baada ya e na i tu, lakini makarani wa kigeni walibadilishana l na r walivyopenda. Orodha ya namna nne au tano inatosha. Ukizidisha utaanza kumwona babu yako kila mahali.

Gazeti rasmi la serikali, *Uganda Gazette*, watu hulikwepa kwa sababu linachosha macho. Humo mna uteuzi wa watumishi, mabadiliko ya majina kwa kiapo, maombi ya usimamizi wa mirathi, na matangazo ya hati za ardhi zilizopotea. Tangazo la hati iliyopotea linataja mwenye ardhi, saza, bloku na ploti, na mara nyingi hutoka baada ya kifo, warithi wanapogundua hati haionekani. Ukishapata bloku na ploti, unaweza kuomba utafutaji katika ofisi ya ardhi ya kanda husika. Ardhi ya mailo, yaani ardhi ya Buganda yenye hati ya mtu binafsi, ilitokana na Mkataba wa 1900 kati ya Buganda na Waingereza, kwa hiyo mlolongo wa wamiliki unaweza kurudi nyuma zaidi ya karne, na kila uhamisho wa urithi ni kifo chenye tarehe ya karibu. Faili la mirathi kwenye ofisi ya Msimamizi Mkuu wa Mirathi au mahakamani linaweza kuwa na orodha ya wajane na watoto wote, hata wale ambao familia haiwataji.

Hapa nenda taratibu. Ukifika kijijini na daftari, ukauliza babu alizikwa wapi na shamba liliishia wapi, watu wanasikia neno moja tu: ardhi. Mlango unafungwa, na wakati mwingine anaitwa wakili. Nenda na mzee wa ukoo anayejulikana. Waeleze mbele ya mwenyekiti wa LC1 kwamba unakusanya majina, kisha anza na makaburi na uache hati. Usipige picha ya hati ya mtu, na usiulize mpaka. Orodha ya watoto uliyoiona kwenye faili la mirathi usiitangaze kwenye kundi la WhatsApp la ukoo. Huenda ukawa umemtambulisha mtu kwa ndugu zake bila idhini yake.

Sensa usiisumbukie. Zilifanyika 1911, 1921, 1931, 1948, 1959, 1969 na kuendelea, lakini zilizochapishwa ni hesabu za watu kwa eneo. Hutapata kaya ya babu yako kwa majina kama wanavyopata Waingereza.

Vitabu vya zamani vikitaja nyaraka za Entebbe, faili hizo sasa zitafute katika hifadhi ya taifa iliyopo Wandegeya, Kampala. Nyaraka za wilaya za Jinja na Kabale zimepangwa na zina katalogi, na za Kabarole ziko Chuo Kikuu cha Mountains of the Moon, Fort Portal. Magazeti ya zamani yaombe sehemu ya Africana katika maktaba kuu ya Makerere. Barua za gavana na London ziko katika hifadhi ya taifa ya Uingereza huko Kew, chini ya namba ya mfululizo CO 536, ila humo utawakuta machifu na watumishi, mkulima wa kawaida ni nadra. Ofisi ya serikali ikikuzungusha, raia ana haki chini ya Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2005: peleka ombi kwa maandishi, na jibu linatakiwa ndani ya siku 21. Weka nakala iliyopigwa muhuri wa kupokelewa. Bila muhuri ombi hilo halikuwahi kuwapo.

Chumbani tumia kalamu ya risasi tu. Vaa barakoa, maana vumbi la faili lililokaa miaka sitini hukohoza wiki nzima. Karatasi ya gazeti ina asidi na huvunjika kama papadi, kwa hiyo usilowanishe kidole. Ingiza kipande cha kadi chini ya kona ya juu, inua taratibu, na ushike ukurasa kwa mikono miwili. Piga picha ya jalada kwanza, kisha weka kikaratasi chenye namba ya faili au jina na tarehe ya gazeti ndani ya kila picha. Bila hicho, jioni utakuwa na picha 200 za karatasi za kahawia zisizo na mwenyewe. Zima flashi na ukae ubavuni mwa dirisha. Wino uliofifia huonekana zaidi mwanga ukija kwa upande.

Na andika pia ulichokikosa: gazeti gani, kuanzia tarehe ipi hadi ipi, matoleo yapi hayakuwapo kwenye jalada, tahajia zipi ulizitafuta. "*Munno*, Machi hadi Juni 1934, matoleo mawili ya Aprili hayapo, hakuna kitu" ni mstari mmoja tu. Mpwa wako akiuona baada ya miaka kumi ataanzia Julai.